Mgomo wa Mpigaji Mmoja: Pau Casals na Kimya cha Sello

Mwishoni mwa mwaka 1945, mpigaji sello mashuhuri kuliko wote wa zama zake alikatiza maonyesho yake nchini Uingereza akarudi Prades, mji mdogo wa kusini mwa Ufaransa ulio karibu na mpaka wa Hispania. Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilikuwa vimekwisha. Watu walimiminika kumsikiliza, na vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vilikuwa tayari kumtunuku shahada za heshima. Pau Casals alizikataa shahada, kisha akakataa na mialiko iliyofuata. Sababu aliitaja waziwazi: mataifa yaliyowashinda Hitler na Mussolini yalikuwa yanamwachia Jenerali Franco aendelee kuitawala Hispania, na maadamu mambo ni hayo, yeye hatapiga hadharani katika nchi zinazomtambua mtawala huyo. Wanaompenda wamezoea kukisimulia kimya hicho kama sadaka ya mtu mtakatifu, na wasiompenda wamekiona kiburi cha mzee aliyezoea kusujudiwa. Makala haya yanashika njia nyingine. Yanadai kwamba Casals aligoma, kwa maana ile ile tunayoijua bandarini na viwandani: fundi mwenye ujuzi adimu aliondoa kazi yake sokoni, akatoa sharti, akakubali kubeba hasara. Na kwa kuwa mgomo huwa na nguvu kulingana na thamani ya kazi iliyosimamishwa, kimya cha mwaka 1945 hakieleweki bila kurudi nyuma zaidi ya nusu karne, kuangalia jinsi kazi hiyo ilivyojengwa na nani aliilipia.

Casals alizaliwa tarehe 29 Desemba 1876 katika mji wa El Vendrell, Katalonia, eneo la kaskazini-mashariki mwa Hispania lenye lugha na historia yake. Baba yake, Carles, alipiga ogani kanisani, aliongoza kwaya na kufundisha piano. Mama yake, Pilar Defilló, alizaliwa Mayagüez, Puerto Rico, kwa wazazi Wakatalani. Katika nyumba hiyo muziki ulijulikana kama ajira, tena ajira yenye ujira mdogo, ndiyo maana baba, pamoja na kumfundisha mwanawe kuimba na kupiga ala kadhaa, alitaka ajifunze useremala. Mtoto alikuwa na miaka 11 alipomsikia Josep García, mwalimu kutoka Barcelona, akipiga sello mjini kwao. Mwaka 1888 mama alishinda ubishi wa nyumbani, akamchukua mwanawe hadi Barcelona akasome kwa García huyo huyo katika Shule ya Muziki ya Manispaa. Ubishi huo wa wazazi haukuhusu kama muziki ni mzuri, bali kama unaweza kumlisha mtu. Swali la mkate lilikuwepo tangu siku ya kwanza, na Casals hakuwahi kulisahau hata alipokuwa akialikwa na wafalme.

Sello si ngeni kwa sikio la pwani yetu. Ni jamaa mkubwa wa fidla, hupigwa mpigaji akiwa ameketi na ala ikiwa kati ya magoti yake, na vikundi vikubwa vya taarabu vya Unguja viliipokea kwa kufuata mpangilio wa okestra za Misri. Ulaya ya miaka ya 1880, hata hivyo, haikuitegemea sana kama ala ya kusimama peke yake. Kazi yake kubwa ilikuwa kushikilia sauti za chini nyuma ya fidla, na namna ya kuifundisha iliifunga hapo hapo. Mwanafunzi alielekezwa kubana kiwiko cha mkono wa kulia ubavuni, hata akawekewa kitabu kwapani, kisianguke anapovuta upinde. Mkono wa kushoto nao ulihama mzima mzima kutoka noti hadi noti, na kila uhamisho uliacha mburuzo wa sauti. Casals, akiwa bado kijana, aliuachia mkono wa kulia utembee kwa uhuru, na kwa mkono wa kushoto akawa anatanua vidole kuzifikia noti badala ya kuusogeza mkono wote. Alikazania pia usahihi wa sauti, akiipandisha au kuishusha noti kwa kiasi kidogo mno kulingana na mahali inapoelekea katika wimbo. Kwa msikilizaji matokeo yalikuwa ala inayosema sentensi nzima bila kukatika.

Ni haki kukumbusha kwamba hakuanzia jangwani. Kabla yake walikuwepo Servais wa Ubelgiji, Davidov wa Urusi, Piatti wa Italia na Popper wa Prague, mabingwa waliokuwa na wasikilizaji wao na tungo zao. Vilevile zile tungo sita ambazo Johann Sebastian Bach aliandika mnamo 1720 kwa ajili ya sello isiyosindikizwa na ala nyingine hazikuwa zimepotea. Zilikuwa zimechapishwa, na walimu walizitumia. Lakini walizitumia kama mazoezi ya vidole, au walichomoa kipande kimoja wakakipiga ukumbini, mara nyingine kikiwa kimeongezewa piano ili kisionekane kikavu. Mwaka 1890, katika duka la nota kuukuu karibu na bandari ya Barcelona, Casals alipata nakala yake akiwa na miaka 13. Kwa maelezo yake mwenyewe alizifanyia kazi kwa takriban miaka 12 kabla ya kuthubutu kupiga utungo mmoja mzima mbele ya watu. Hoja ya mwanahistoria hapa haihitaji Casals awe mvumbuzi. Inatosha kwamba alizichukua kazi zilizohesabiwa kuwa za darasani, akazipiga nzima, akazifanya kipimo cha kila mpigaji sello aliyemfuata. Kati ya 1936 na 1939 alizirekodi zote sita katika studio za London na Paris, na santuri hizo zikaenea duniani. Kwa hiyo alipoacha kupiga, watu walijua hasa ni kitu gani wamenyimwa.

Sasa tuangalie upande wa malipo, ambao wasimulizi wengi huupita haraka. Akiwa bado mwanafunzi, Casals alijilipia masomo kwa kupiga katika Café Tost, mkahawa wa mtaa wa Gràcia mjini Barcelona, kwa pesetas 4 kwa siku. Wateja walitaka nyimbo nyepesi za kusindikizia kahawa. Yeye alimshawishi mwenye mkahawa atenge jioni moja kila wiki kwa muziki mzito, na jioni hiyo ikavuta watu wapya. Huko ndiko mtunzi Isaac Albéniz alikomsikia, akamwandikia barua ya utambulisho kwa mshauri wa ikulu ya Madrid, Count de Morphy. Malkia María Cristina, aliyekuwa akitawala kwa niaba ya mwanawe mdogo, akampa posho ya pesetas 250 kwa mwezi. Mwaka 1895 alitumwa kwenye chuo cha muziki cha Brussels. Kwa simulizi yake, profesa wa sello alimkejeli mbele ya darasa zima, kisha baada ya kumsikia akampa nafasi pamoja na ahadi ya tuzo ya kwanza. Kijana akakataa, akafunga safari kwenda Paris. Posho ya Malkia ilikatwa. Paris ilimlisha kwa shida: alipiga katika ukumbi wa burudani wa Folies-Marigny kwa ujira mdogo, mama yake akashona nguo za watu, hadi wote wakarudi Barcelona mwaka 1896.

Kisa cha Brussels kina uzito kuliko kinavyoonekana, kwa sababu ndani yake mna umbo zima la lile lililofuata miaka 50 baadaye. Mtu anapewa nafasi nzuri na wenye mamlaka, anaona masharti yake yanamvunjia heshima, anakataa, anapoteza kipato, anarudi kutafuta riziki kwa kazi za kila siku. Barcelona ilimpokea vizuri. García alikuwa anaondoka kwenda Argentina, na Casals akarithi kazi zake za kufundisha, akawa pia kiongozi wa wapigaji sello katika ukumbi wa opera wa Liceu. Mwaka 1899 alipiga Crystal Palace, London, na mbele ya Malkia Victoria, kisha Paris pamoja na okestra ya Charles Lamoureux. Kuanzia hapo milango haikufungwa tena. Alizunguka Marekani, akapiga mbele ya Rais Theodore Roosevelt mwaka 1904, na katika miaka hiyo akaunda pamoja na mpiga piano Alfred Cortot na mpiga fidla Jacques Thibaud kikundi cha watatu kilichodumu kwa miongo na kuacha santuri zinazosikilizwa hadi leo. Kufikia Vita Kuu ya Kwanza alikuwa miongoni mwa wapigaji waliolipwa vizuri sana duniani. Swali la kuvutia ni lile la matumizi: fedha hizo alizipeleka wapi?

Sehemu kubwa aliipeleka kwenye mishahara ya wanamuziki wengine. Aliporudi Barcelona baada ya vita hivyo alikuta wapigaji wengi wanalipwa kidogo kiasi kwamba ilibidi washike kazi nyingine ndipo waishi, na mpigaji aliyechoka kwa kazi ya mchana hawezi kufanya mazoezi ya maana jioni. Akaanzisha Orquestra Pau Casals, iliyotoa tamasha lake la kwanza mwezi Oktoba 1920, akaahidi malipo bora kuliko waliyozoea, na kwa misimu ya mwanzo akaziba pengo la hesabu kwa fedha alizopata katika ziara zake. Mwenyewe aliugua mazoezi yakiwa yanaanza; alisimulia kwamba aliwataka wanamuziki waendelee kufika na kulipwa, nao wakaamua kufanya mazoezi bila yeye kwa kuona haya kupokea ujira usiotokewa jasho. Katikati ya miaka ya 1920 akaongeza taasisi ya pili, Associació Obrera de Concerts, yaani chama cha matamasha ya wafanyakazi. Uanachama ulikuwa wa watu wenye kipato kisichozidi pesetas 500 kwa mwezi, kwa ada ya pesetas 6 kwa mwaka, na okestra ile ile iliyowapigia matajiri iliwapigia wao asubuhi za Jumapili. Chama kilikuwa na maktaba, kilifundisha muziki, na kilitoa jarida lake, Fruïcions.

Taasisi hizi mbili ndizo ushahidi mkuu wa hoja yangu. Mtu angeweza kusema kwamba chama cha wafanyakazi kilikuwa fadhila tu, kama zile za tajiri anayegawa unga siku ya sikukuu. Lakini fadhila haihitaji ada wala uongozi wa wanachama, na Casals alisisitiza kwamba wafanyakazi wasipewe tiketi za bure bali wawe na chombo chao wanachokiendesha kwa michango yao. Vilevile hakuanza okestra kwa kutafuta vipaji pekee. Alianza kwa kurekebisha malipo, akiamini kwamba ubora wa muziki unatoka katika hali ya kazi ya anayeupiga. Huyu ni mtu aliyeielewa kazi yake kama kazi, yenye bei, mwajiri na masharti. Alipokuja kuitumia kama silaha, alitumia kitu alichokuwa amekwisha kukichunguza kwa makini.

Kukataa kwake kulianza kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania. Alikataa kupiga Urusi baada ya mapinduzi ya 1917, kwa uchungu wa yaliyowapata marafiki zake huko. Hitler alipoingia madarakani mwaka 1933, Casals aliacha kwenda Ujerumani, na mwaliko wa kondakta Wilhelm Furtwängler haukumbadili. Baadaye Italia ya Mussolini nayo ikaingia katika orodha. Tarehe 18 Julai 1936 alikuwa Barcelona akifanya mazoezi ya Simfoni ya Tisa ya Beethoven kwa ajili ya Olimpiki ya Watu, michezo iliyopangwa kupinga ile ya Berlin, habari za uasi wa kijeshi zilipofika. Tamasha halikufanyika, na miaka 16 ya okestra ikaishia hapo. Wakati wa vita aliitegemea sello kutafuta fedha za misaada. Tarehe 19 Oktoba 1938 alipiga Liceu kwa ajili ya watoto walioathirika, na kwa njia ya redio akaziomba nchi za kidemokrasia zisiiache Jamhuri ya Hispania ife. Barcelona ilianguka mikononi mwa jeshi la Franco Januari 1939. Karibu watu nusu milioni walivuka mpaka kuingia Ufaransa, wakazuiliwa katika kambi kama Argelès na Rivesaltes. Casals alihamia Prades, akaandika barua kwa marafiki duniani kote, akazunguka kambi akigawa chakula, nguo na fedha. Uvamizi wa Ujerumani ulipofika hadi huko, maofisa wa Kijerumani walimwendea wakitaka aende kupiga kwao. Kwa simulizi yake alikataa kwa kisingizio cha baridi yabisi.

Hali hiyo ndiyo inayoeleza uzito wa mwaka 1945. Kama wakimbizi wengi, aliamini kwamba Franco, aliyepata silaha na askari kutoka kwa Hitler na Mussolini, ataondolewa pamoja nao. Alikwenda Uingereza kwa imani hiyo, akapiga, akahutubia Wakatalani kupitia BBC. Miezi ilivyopita ikadhihirika kwamba serikali ya London haina nia ya kumgusa Franco. Hapo ndipo aliposimama. Mgomo wake ulikuwa na kila kinachotakiwa katika mgomo: sharti lililotajwa, mipaka iliyoeleweka na hasara halisi. Hakuacha muziki, aliendelea na mazoezi kila siku, alifundisha wanafunzi waliomfuata Prades, alitunga. Alichokisimamisha ni ile bidhaa ambayo waandaaji wa Marekani na Uingereza walikuwa tayari kuinunua kwa fedha nyingi, wakati yeye mwenyewe aliishi maisha ya kawaida katika nyumba ya kupanga.

Pingamizi la kwanza ni kwamba nalazimisha fasili. Casals, watasema, hakuwa mwanachama wa chama cha kisoshalisti, alimpenda Malkia María Cristina hadi mwisho, alikuwa rafiki wa Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, na mara nyingi alizungumza juu ya utu na dhamiri kuliko juu ya tabaka. Yote hayo ni kweli, na kukataa kwake kupiga Urusi kunayathibitisha. Lakini mgomo hauna itikadi moja. Wamegoma wakulima wacha Mungu, walimu wanaoheshimu wafalme, hata makasisi. Lugha ya dhamiri inaeleza kwa nini mtu alikasirika. Haielezi kwa nini alichagua chombo hiki na si kingine. Kulikuwa na njia nyingine nyingi: kupiga na kutoa mapato kwa wakimbizi, kama alivyokwisha kufanya wakati wa vita, au kupiga na kuhutubia kabla ya kila tamasha. Alichagua kuzuia kazi yenyewe, na mtu aliyekuwa ametumia miaka 16 akijadili mishahara ya okestra alijua vizuri maana ya kuzuia kazi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mgomo haukufaulu. Mwezi Desemba 1946 Umoja wa Mataifa ulipendekeza wanachama wawaondoe mabalozi wao Madrid; Novemba 1950 ukalifuta pendekezo hilo. Mwaka 1953 Marekani ilitia saini mkataba wa kambi za kijeshi na Franco, na Desemba 1955 Hispania ikapokewa Umoja wa Mataifa. Kwa kipimo cha sharti lililotajwa, Casals alishindwa kabisa, na hakuna heshima inayopaswa kutuficha jambo hilo. Hata hivyo, mgomo hufanya kazi ya pili, nayo ni kuzuia jambo lisihesabiwe kuwa limekwisha. Mwezi Juni 1950, miezi mitano kabla ya lile pendekezo kufutwa, wanamuziki wakubwa walisafiri hadi Prades kwa wazo la mpiga fidla Alexander Schneider: kama Casals hawezi kwenda ulimwenguni, ulimwengu uende kwake. Ilikuwa miaka 200 tangu Bach afariki. Rudolf Serkin, Isaac Stern, Joseph Szigeti na Clara Haskil walikuwa miongoni mwa waliopiga katika kanisa la Saint-Pierre. Kila gazeti lililotaka kueleza tamasha hilo lililazimika kueleza kwa nini linafanyika katika mji mdogo milimani badala ya New York, na jibu lilikuwa Franco. Wanadiplomasia waliokuwa wakitafuta kuisahau Hispania walipata mtu mmoja anayewakumbusha kila kiangazi.

Pingamizi la tatu linahusu uthabiti, na hapa utetezi una mipaka. Matamasha ya Prades yalirekodiwa na Columbia, kampuni ya Marekani. Kuanzia 1957 Casals alikuwa na tamasha lake kubwa Puerto Rico, nchi ya mama yake, ambako alihamia na kuoa. Lakini Puerto Rico iko chini ya Marekani, ile ile iliyotia saini mkataba wa 1953. Tarehe 24 Oktoba 1958 alipiga katika ukumbi wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ambao Hispania ya Franco ilikuwa na kiti ndani yake. Tarehe 13 Novemba 1961 alipiga ikulu ya Marekani kwa mwaliko wa Rais Kennedy, kwenye hafla ya kumheshimu gavana wa Puerto Rico, Luis Muñoz Marín. Casals alikuwa na maelezo kwa kila hatua: Umoja wa Mataifa ni jukwaa la amani, na alilitumia kupinga majaribio ya silaha za nyuklia, kwa Kennedy alitumaini kumshawishi kiongozi aliyemwamini. Maelezo hayo hayafuti ukweli kwamba mgomo ulilegea pembezoni. Ila migomo mirefu ndivyo inavyokwenda. Mgomaji mwenye umri wa miaka 80 hupima upya ni wapi kuzuia kunasikika na wapi kupiga kunasikika zaidi. Mstari mmoja haukuguswa: hakupiga tena sello Hispania hadi kufa kwake, ingawa huko ndiko kulikokuwa na wasikilizaji aliowataka kuliko wote.

Limebaki pingamizi la wanyonge, nalo ni la haki: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Casals aliweza kunyamaza kwa sababu alikuwa na jina, mrabaha wa santuri na marafiki. Mpiga fidla wa safu ya nyuma akikataa kazi, watoto wake hulala bila kula. Nakubali, na ndiyo sababu mgomo wake ni wa mtu mmoja. Hakupata nguvu hiyo kwa bahati. Aliijenga kwa kazi ya miaka mingi, akajua kwamba wenzake wengi hawana. Alivyomtendea Alfred Cortot kunaonyesha jinsi alivyolipima jambo hilo. Cortot alishika wadhifa chini ya serikali ya Vichy, ile ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, akaenda kupiga Ujerumani mwaka 1942, na baada ya vita alizuiwa kwa muda kupiga Ufaransa. Yeye hakuwa mnyonge. Alikuwa na jina sawa na la Casals, na urafiki wao ukavunjika. Lakini Cortot alipokuja kukiri kosa, Casals alimpokea, na mwaka 1958 walipiga pamoja Prades. Lawama yake aliielekeza kwa waliokuwa na uwezo wa kukataa wasikatae, na hata hao hakuwafungia mlango daima.

Casals alifariki San Juan, Puerto Rico, tarehe 22 Oktoba 1973, akiwa na miaka 96. Franco alifariki tarehe 20 Novemba 1975, na mwaka 1979 mabaki ya Casals yalihamishiwa El Vendrell. Mgomaji hakuiona siku sharti lake lilipotimia, na haiwezi kusemwa kwamba lilitimia kwa sababu yake. Lakini wanaoyagawa maisha yake sehemu mbili, kwanza mwanamuziki halafu mwanasiasa, wanakata kamba iliyo moja. Bila mkono wa kulia kuachiwa huru, bila tungo za Bach kupigwa nzima, bila miaka ya mikahawa na okestra iliyolipa vizuri, tangazo la 1945 lingekuwa habari ndogo ya mzee mkimbizi aliyestaafu. Anayetaka kuandika historia ya mwanamuziki yeyote wa karne iliyopita, awe wa opera au wa taarabu, atafanya vyema kuweka katika meza moja nota zake, mikataba yake na mialiko aliyoikataa, kwa kuwa hiyo ya mwisho hupimwa kwa zile mbili za kwanza.